Kuishi na Wafini: mambo ya kujua kabla na baada ya kufika

Kitu cha kwanza cha kununua ukifika Ufini si koti. Koti utaazimwa na waliokutangulia, na mitumba ipo tele kwenye maduka yanayoitwa kirpputori, ambako Wafini wenyewe wananunua bila kuona haya. Nunua heijastin: kipande cha plastiki kinachorudisha mwanga wa taa za gari, unakifunga kwa kamba mfukoni mwa koti kikaning'inia usawa wa goti. Bei yake haifiki ya chakula cha mchana, na mara nyingine hugawiwa bure. Sheria ya barabarani inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani, na giza lenyewe si la mchezo. Desemba, Helsinki hupata mwanga wa saa zisizotimia sita. Utsjoki, kaskazini kabisa, jua likizama mwishoni mwa Novemba halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Mtu mweusi ndani ya koti jeusi, dereva anamwona akiwa ameshamfikia. Nalisema waziwazi kwa sababu ndugu zetu wengi wanaona heijastin ni mambo ya watoto wa chekechea.

Na hakuna atakayekukumbusha. Hilo ndilo gumu kulizoea kuliko baridi. Kwetu mambo huenda kwa mtu: nani anakujua, nani atakupokea, nani atakupigia simu kule ofisini. Ufini mambo huenda kwa utaratibu ulioandikwa, na watu huzoeana kwa kufanya jambo pamoja, si kwa kupiga soga. Anayengoja kukaribishwa atangoja sana. Ukitaka kujua kwa nini wako hivyo, itabidi tupite kidogo kwenye ardhi yao na yaliyowapata.

Nchi na yaliyowapata

Ufini ina kilomita za mraba kama 338,000, zaidi kidogo ya theluthi ya Tanzania, na watu milioni 5.6, yaani karibu sawa na Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulivyohesabiwa mwaka 2022. Robo tatu ya nchi ni msitu. Maziwa ni kama 188,000 ukihesabu mpaka vidimbwi vya mita za mraba 500. Wengi wanaishi kusini: Helsinki na majirani zake Espoo na Vantaa, kisha Tampere na Turku, Oulu ndio mji mkubwa wa kaskazini.

Sisi wa pwani tumezoea kuona bahari ikila ufukwe. Kule Vaasa, pwani ya magharibi, ni kinyume: nchi ndiyo inayoila bahari. Zama za barafu, tabaka nene la barafu liliididimiza ardhi, na tangu lilipoyeyuka ardhi inaendelea kuinuka, karibu sentimita moja kwa mwaka. Bandari za kale zimebaki nchi kavu, na visiwa vipya vinajitokeza. Eneo hilo, Kvarken, liliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Ardhi hiyo haikuwa ya kulisha watu kwa urahisi. Kati ya 1866 na 1868 baridi iliharibu mavuno mfululizo, na njaa na maradhi yaliyofuata yaliua karibu asilimia 8 ya watu wote. Walichanganya unga na magamba ya ndani ya msonobari ili mkate utoshe. Ukimwona mzee wa Kifini akikusanya makombo ya mkate mweusi mezani, au akikuambia uchukue kidogo kwanza halafu urudie, usimwite bahili.

Kisiasa walikaa chini ya Uswidi kwa mamia ya miaka, kisha mwaka 1809 wakaingia mikononi mwa Urusi. Wakiwa bado chini ya Mrusi walibadilisha bunge lao mwaka 1906, wanawake wakapata haki ya kupiga kura na ya kugombea pia, na uchaguzi wa 1907 ukaingiza wabunge wanawake 19. Uhuru ulitangazwa Desemba 6, 1917. Miezi michache baadaye, mwaka 1918, wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa kisoshalisti na Weupe wa upande wa serikali, na zaidi ya watu 36,000 wakapoteza maisha, maelfu kati yao wakiwa kwenye kambi za wafungwa baada ya mapigano kwisha. Familia nyingi zinajua babu alikuwa upande gani. Usiulize kwenye chakula cha kwanza.

Kisha Novemba 30, 1939 jeshi la Kisovyeti likavuka mpaka. Vita ya Majira ya Baridi ilidumu siku 105, ikafuatwa na nyingine mpaka 1944. Uhuru walibaki nao, lakini walipoteza karibu sehemu ya kumi ya nchi, na zaidi ya watu 400,000 wa Karelia, jimbo la mashariki, wakahama na mizigo yao na ng'ombe wao. Serikali iliwagawia ardhi, huku ikiilipa Moscow fidia ya vita kwa meli na mashine hadi 1952. Kwa hiyo yule bibi wa ghorofa ya pili asiyekusalimia huenda alizaliwa na wakimbizi, au yeye mwenyewe alibebwa mgongoni. Ndugu zetu wa Kongo waliopelekwa Ufini kutoka kambini kwa mgao wa wakimbizi wana cha kuzungumza na watu hao kuliko wanavyodhani.

Mmoja wa watoto hao wa Karelia alikuwa Martti Ahtisaari, mzaliwa wa Viipuri, mji ambao sasa uko Urusi. Alikuwa balozi wa Ufini Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1977, akasimamia mpito wa Namibia kuelekea uhuru, akawa rais wa nchi yake kuanzia 1994 hadi 2000, na mwaka 2008 akapewa Nobel ya Amani. Na kabla yake, mwaka 1963, Ufini ilikuwa moja ya nchi za Nordiki zilizochangia kujenga kituo cha elimu cha Kibaha. Wafini wa makamo kwenda juu wanaijua Tanzania kwa njia hizo, au kupitia wamisionari wao waliofanya kazi na KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Ukiona mazungumzo yamekwama, litaje jina la Ahtisaari uone.

Hofu ya mashariki haijaisha. Mpaka na Urusi una urefu wa kilomita zaidi ya 1,300, na Aprili 4, 2023 Ufini ilijiunga na NATO. Kwako wewe mpangaji hili lina sura ya karibu sana: shuka chini ya jengo lako, kwenye vibanda vya kuwekea baiskeli na masanduku, utakuta mlango mnene wa chuma wenye makomeo makubwa. Hiyo si stoo tu, ni handaki la raia, na likitakiwa linaondolewa vitu na watu wanaingia. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi saa sita mchana ving'ora hujaribiwa. Usikimbie. Ila fuata ushauri wanaopewa wote: kuwe na maji, chakula na dawa za siku tatu ndani ya nyumba, na tochi. Mwanao wa kiume akipata uraia atakuwa na wajibu wa jeshi kuanzia miaka 18, hata kama ana uraia mwingine. Lizungumzeni mapema.

Makaratasi, na deni

Nchi hii ukiwa hujaandikishwa, hupo. Kwanza ni DVV, ofisi ya takwimu za wakazi: huko ndiko inakothibitishwa namba yako ya utambulisho, henkilötunnus, kama hukupewa na Migri, idara ya uhamiaji, pamoja na kibali, na kuandikishwa manispaa unayoishi. Pili, kadi ya kodi kutoka mamlaka ya kodi, Vero. Mwajiri asipoipata anakata asilimia 60 ya mshahara, na hakuonei, ndivyo sheria inavyomtaka. Fedha utarudishiwa baadaye, lakini pango halingoji baadaye. Tatu, benki. Usiridhike na kadi tu, dai pankkitunnukset, nywila za benki za mtandaoni, kwa sababu ndizo zinazofungua kila mlango: Kela, hospitali, kodi, shule ya mtoto. Benki nyingine zitakuzungusha. Mkazi halali ana haki ya huduma za msingi za benki, kwa hiyo ukikataliwa omba sababu kwa maandishi.

Kela ndiyo inayolipa posho ya watoto, ruzuku ya pango na sehemu ya gharama za dawa. Haki yako inategemea aina ya kibali na kazi, kwa hiyo usifuate alichopata jirani yako, peleka maombi yako upate uamuzi wako.

Kila ukihama, toa taarifa ya anwani mpya isiyozidi wiki moja baada ya kuhama. Halafu hakikisha jina lako limebandikwa mlangoni, kwenye tundu la barua. Kijana anaweza kukaa mwezi mzima analaani Migri, kumbe barua zake zimerudishwa kwa sababu mlango bado una jina la mpangaji aliyepita. Anayebandika majina ni kampuni ya matunzo ya jengo, namba yake iko ubaoni kwenye ngazi.

Sasa deni. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Bili ya Ufini ina tarehe ya mwisho, eräpäivä, na tarehe hiyo haibembelezwi. Ukiacha simu au umeme bila kulipa, inakuja barua ya kukumbusha, kisha mkusanya madeni, kisha mahakama, na mwisho jina lako linaingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa: maksuhäiriömerkintä. Mwenye alama hiyo hapati nyumba kwa urahisi, hapati laini ya simu ya mkataba, hapati mkopo, mara nyingine hata kazi inayohusu fedha. Nyumbani wanapiga simu, kuna msiba, kuna ada, na wewe unatuma ya pango. Tuma, sikatazi, lakini bili zilipwe kwanza siku mshahara unapoingia, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Ukishindwa bili fulani, mwandikie mdai kabla ya tarehe kufika umwombe kuisogeza. Wanakubali mara nyingi kuliko unavyofikiri. Wasichokubali ni kimya.

Uraia nao umebanwa: tangu Oktoba 2024 muda wa kuishi nchini ni miaka minane kwa kawaida, si mitano tena, pamoja na mtihani wa lugha ngazi ya tatu, unaoitwa YKI. Ufini inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na Kenya pia. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtanzania apime hilo kabla ya kujaza fomu.

Kazini

Mkubwa wako ataitwa kwa jina lake la kwanza, hata akiwa profesa. Shikamoo yako haina pa kutua, na usihangaike kutafuta mbadala wake. Heshima kwao ni kufika dakika mbili kabla, kufanya ulichosema utafanya, na kusema mapema ukiona hakiwezekani. "Inshallah" na "tutaona" wao huzisikia kama ahadi, au kama uongo. Mkutanoni kimya si hasira, mtu anawaza. Mwachie amalize kuwaza.

Hakuna kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria moja kwa wote. Kila sekta ina mkataba wake wa pamoja kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, unaitwa TES kwa kifupi. Usafi una wake, migahawa ina wake. Omba uambiwe ni TES ipi inayohusu kazi yako, uisome: malipo ya jioni, ya Jumapili, na mapumziko ya kahawa, ambayo pia yameandikwa humo. Wafini wako juu kabisa duniani kwa kunywa kahawa, kama kilo kumi kwa mtu kwa mwaka, nyepesi mno kwa ulimi wa Moshi au Nyeri. Jiunge na chama na mfuko wa wasio na kazi ukiwa bado unayo kazi, ukishaipoteza umechelewa. Mwanafunzi anaruhusiwa wastani wa saa 30 kwa wiki, na anayetoka nje ya Ulaya hulipa ada kwa masomo ya Kiingereza tangu 2017.

Lugha: Kifini usichokijua ni ukuta kwenye kazi nyingi. Kinavyojengwa, kwa kupachika viambishi kwenye shina la neno, hakitakutisha kama kinavyowatisha Waingereza. Kinachowavunja watu moyo ni kwamba kile cha darasani hakisemwi barabarani. Umefundishwa minä olen, kwenye basi unasikia mä oon. Mwombe mwalimu akufundishe vyote viwili tangu mwanzo, na kazini kataa kwa upole wanapokugeuzia Kiingereza.

Nyumbani na saunani

Viatu vinavuliwa mlangoni, hilo hatuhitaji kufundishwa. Chooni utakuta bomba dogo la mkono pembeni ya bakuli, na watu wa Unguja na Mombasa watashusha pumzi: Ulaya nzima hawajakuta kitu cha maana kama hicho. Juu ya sinki ya jikoni kuna kabati lenye rafu za waya na halina kitako. Vyombo vinawekwa humo vikiwa vimelowa, maji yanadondokea sinkini. Usiku kuanzia saa nne jengo linanyamaza. Kinu na mchi havitakiwi saa hizo, wala sauti ya simu ya nyumbani kwenye spika.

Sauna ni zaidi ya milioni tatu kwa watu milioni tano na ushee, na mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wake kwenye orodha ya urithi. Zamani wanawake walijifungulia humo na maiti walioshewa humo, kwa kuwa ndicho kilikuwa chumba safi na chenye moto. Basi usiingie kwa mzaha. Unaoga kwanza, unakalia taulo yako, unaanzia benchi la chini. Maji yanayomwagwa juu ya mawe yanatoa mvuke uitwao löyly, na mtu mstaarabu huuliza wenzake kabla ya kumwaga. Ukizidiwa, toka, hakuna anayehesabu. Kwenye mabwawa ya umma wanaume na wanawake wana sauna zao, na nguo za kuogelea haziruhusiwi ndani kwa kawaida.

Na uchi? Familia huingia pamoja, marafiki wa jinsia moja huingia pamoja. Kwetu kukaa uchi na baba mkwe haisemeki. Sema tu mapema kwamba utaingia peke yako au na mwenzio, watakupangia zamu bila kuuliza zaidi. Kukataa kabisa pia ni ruhusa, ila utakuwa umekosa mahali pekee ambapo Mfini anaongea bila kusukumwa. Mambo mazito, ugonjwa wa mzazi, talaka, deni, yanasemwa gizani mle, watu wakiangalia mbele.

Msituni na barafuni

Yeyote, hata mgeni, anaruhusiwa kutembea kwenye msitu wa mtu, kuchuma matunda ya porini na uyoga, na kuvua kwa ndoano ya kawaida bila leseni. Mustikka za rangi ya zambarau hukomaa Julai na Agosti, puolukka nyekundu Septemba. Ukiuza ulichochuma hakikatwi kodi. Usikaribie ua wa nyumba, usiwashe moto bila ruhusa ya mwenye ardhi, usibebe magogo. Uyoga usiguse mpaka umefundishwa na mwenyeji, kwa kuwa upo mweupe, valkokärpässieni, unaoua. Ukirudi, kagua kupe nyuma ya magoti na kwapani; ukanda wa pwani na visiwani wanaambukiza homa ya ubongo, na chanjo ipo.

Barafu ya ziwa isiyofika sentimita tano haibebi mtu. Watoto wetu hawakukulia na hatari hiyo, kwa hiyo waambie kila vuli, na kila majira ya kuchipua tena, maana barafu ya Aprili inadanganya. Dharura ni 112, na programu ya 112 Suomi kwenye simu inawapa mahali ulipo. Kwa homa isiyo ya kufa na kupona, piga 116117 kabla ya kukimbilia hospitali. Vitamini D muulize muuguzi mapema. Ngozi yetu na jua lile havielewani.

Watoto

Mjamzito aende neuvola, kliniki ya bure, kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Kwa kufanya hivyo anapata haki ya sanduku la uzazi lenye nguo na mahitaji ya mtoto. Lilianza 1938 kwa maskini, likawa la wote 1949. Shuleni chakula cha mchana ni bure tangu 1948. Mtoto wa miaka saba ataenda shule kwa miguu peke yake, na mtaona ajabu, kisha mtazoea. Kuna miji inayofundisha lugha ya nyumbani wakipatikana watoto wa kutosha. Jikusanyeni wazazi, mwombe Kiswahili kwa maandishi.

Kumpiga mtoto ni marufuku tangu 1984, kibao kimoja kikiwemo. Mwalimu akiona alama au akasikia kwa mtoto, sheria inamlazimisha kuripoti ustawi wa watoto, lastensuojelu. Wakija, usiwafungie mlango na usitume mjumbe wa kanisani au msikitini akuombee. Kaa nao, dai mkalimani, eleza, na uliza msaada gani upo. Kwa kawaida wanaanza na msaada, si kumchukua mtoto.

Majirani

Desemba 6 jioni weka mishumaa miwili dirishani kama wao. Ni siku ya utulivu, si ya ngoma. Juhannus, mwishoni mwa Juni, miji inabaki mitupu, kila mtu yuko kwenye nyumba yake ya ziwani. Ukialikwa huko, beba mashuka, taulo na chakula cha kuchangia, na usitarajie choo cha maji.

Ukitaka kumwalika jirani, mpe tarehe, saa ya kuanza na saa ya kwisha, wiki mbili kabla. Atakuja kwa saa hiyo hiyo na pakiti ya kahawa.

Kuanzia Aprili hadi Mei, angalia karatasi kwenye mlango wa ngazi iliyoandikwa talkoot. Ni msaragambo wa jengo: kufagia majani, kupaka rangi benchi, kupanda maua. Mgeni kwetu hupewa jembe siku ya tatu. Hapa reki utapewa siku ya kwanza. Hawaandiki mahudhurio, lakini wanajua nani hakutokea. Baada ya saa mbili kunachomwa soseji na watu wanaanza kuulizana majina. Soseji hizo mara nyingi ni za nguruwe. Kama huli, beba za kuku au za ng'ombe kutoka kwako, ziweke upande mmoja wa jiko kabla za wengine hazijaanza.